Tumbo lililokatwa linaweza kurudi lilivyokuwa?

Dada yangu mshauri, habari za kazi. Nakuandikia kutoka Mbeya. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 44, nauza mchele pale Mwanjelwa. Haya ninayoyaandika sijamwambia mume wangu, na ndiyo yanayoninyima usingizi.

Huu ni mwaka wa nne tangu nifanyiwe operesheni ya kupunguza tumbo. Nilikuwa na kilo 127, kisukari, presha, na magoti yalifika mahali kupanda daladala mpaka konda anivute mkono. Mume wangu akauza kiwanja chetu cha Uyole, tukaenda India. Daktari wa kule alinichorea kwenye karatasi: tumbo ni kama mfuko uliotuna upande mmoja, wao huondoa karibu robo tatu yake, kinabaki kibomba chembamba mfano wa ndizi. Akasema upande unaoondolewa ndio unaotoa kwa wingi homoni ya njaa, kwa hiyo hata hamu ya kula ingepungua.

Ikapungua kweli. Miezi ya mwanzo vijiko vinne vya uji vilinitosha. Cha tano nilikisikia kimesimama hapa chini ya kifua, kama mtu amenikandamiza kwa kidole gumba. Nilikuwa nakula kwenye kisosi, familia nzima ikajua kisosi cha maua ni cha mama. Baada ya mwaka mmoja na nusu nikafika kilo 78, sukari ikawa inasoma vizuri, nikaachishwa dawa za kisukari.

Sasa mwezi wa sita tulikuwa na msiba Tukuyu. Baridi ile ya Rungwe unaijua. Nikapewa sahani ya wali, maharage na kipande cha nyama, nikawa nakula huku naongea na wifi yangu. Kuja kutazama chini, sahani imebaki nyeupe. Sikubanwa wala sikusikia kichefuchefu. Shangazi wa mume akasema, "Mwanangu, hilo tumbo limesharudi." Hakusema kwa ubaya, lakini mkono ulinitetemeka wakati naiweka ile sahani chini. Niliporudi mjini nikapanda mizani ya duka la dawa: kilo 87.

Nilikwenda kwa daktari hapa Mbeya, akanisikiliza vizuri. Alisema tumbo ni msuli, na kwamba baada ya mwaka mmoja au miwili kile kibomba hulegea kidogo kwa kila mtu. Mtu akala zaidi ya alivyokula miezi ya mwanzo, hiyo ni kawaida. Kurudi kuwa lile la zamani haliwezi, maana sehemu iliyokatwa haioti tena. Wapo ambao kibomba chao hutanuka kupita kiasi, na hilo hujulikana kwa kunyweshwa dawa nyeupe na kupigwa picha ya eksirei. Ila akasema mara nyingi kilo hurudishwa na vitu laini vinavyoteremka bila kubana: soda, juisi, biskuti, chai ya sukari, na kudonoadonoa kutwa nzima.

Alipotaja chai niliinamisha kichwa. Pale kibandani nina chupa yangu ya chai ya maziwa. Kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka jioni, kwa baridi hii, sipungukiwi vikombe vitano, kila kimoja vijiko viwili vya sukari, na pembeni karanga za jirani yangu. Tena nimerudia kunywa maji katikati ya kula, na nilikatazwa, kwamba yanasukuma chakula kishuke upesi. Vidonge vya vitamini na madini ya chuma sijaacha hata siku moja. Hilo naweza kuapa.

Wifi yangu aliyeko Dar anasema nisijisumbue na chai, nikakatwe tena, eti kuna njia ya kuunganisha tumbo na utumbo wa chini. Naogopa kisu mara ya pili, na kiwanja kingine hatuna. Lakini naogopa zaidi kisukari kirudi, maana mama yangu kilimkata mguu.

Jumapili iliyopita gauni langu la bluu la kanisani lilikataa zipu. Mume wangu alikuwa amekaa kitandani anafunga kamba za viatu, akaniona nikilivua na kujifunga kitenge. Hakuuliza kitu, akaniambia tu, "Twende mama, tutachelewa."

Dada, naomba unisaidie, na wasomaji waliopita mwaka wa tatu baada ya operesheni hii nao waniambie yaliyowakuta. Nitafute kwanza hela ya ile picha nijue tumbo limetanuka kiasi gani, au niache sukari na kudonoa kwa miezi mitatu nione mizani itasemaje? Na mume wangu, aliyeuza kiwanja chake kwa ajili yangu, nimwambie sasa hivi au nisubiri nijue ukweli?

Mama wa Mwanjelwa, Mbeya