Ving'ora vya kaboni monoksaidi viingie kwenye nyumba za kupanga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenye nyumba wa Dar es Salaam, pamoja na sisi wapangaji wao.

Wakati wa masika, jiko la mkaa lililozoea kukaa barazani huhamia koridoni, au chumbani kabisa. Mpishi hulipepea nje hadi moshi ukate na makaa yawe mekundu, ndipo aliingize ndani akiamini halina madhara tena. Maharage yanatokota, dirisha limefungwa kwa sababu ya mvua na mbu, na watoto wamelala humo humo.

Imani hiyo ndiyo inayoua. Makaa mekundu yasiyofuka moshi bado yanatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ukiivuta, hung'ang'ania chembe za damu kwa nguvu inayoizidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, na mwili unakosa hewa huku mtu anapumua. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu. Sisi dalili hizo tumeshazipa jina: malaria. Mgonjwa anameza dawa ya maumivu na kurudi kulala chumba kile kile. Familia nzima ikikutwa haiamki, mtaa huanza kunong'ona habari za sumu kwenye chakula, au za mkono wa mtu.

Wenye maduka na wakazi wa maghorofa nao wasijione wamepona kwa kuwa hawapikii mkaa. Umeme ukikatika, jenereta huwashwa uchochoroni chini ya dirisha la jirani, au hufungiwa stoo lisiibwe. Gesi ni ile ile.

Kipo kifaa kidogo cha kubandika ukutani kinachoitambua na kupiga kelele. Vingi hutumia betri, kwa hiyo umeme ukikatika havizimiki. Vilivyotengenezwa kwa viwango vya Ulaya hulia ndani ya dakika 3 gesi ikifika sehemu 300 katika sehemu milioni za hewa. Ila mnunuzi awe macho. Kitambua moshi hakiioni gesi hii, na kile cha kugundua mtungi wa gesi unaovuja nacho hakiioni. Ukifika dukani usiseme tu "nipe cha gesi"; soma boksi, utazame na tarehe ya mwisho wa matumizi, maana kihisio huchoka baada ya miaka kadhaa hata kama taa inawaka.

England, tangu Oktoba 2022, mwenye nyumba analazimika kukiweka katika chumba cha mpangaji chenye kifaa kisichohamishika kinachochoma mafuta, kuni au gesi, isipokuwa jiko la gesi la kupikia. Kwetu naomba tuanzie kwenye majengo yenye jenereta: maofisa wa Zimamoto wanapokagua mitungi ya kuzimia moto, waulize na kifaa hiki. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) nao watangaze viwango vya kuzingatia, tusiuziwe vibovu.

Mpangaji asiyemudu kununua bado ana njia: jiko lilale nje, hata likiwa limebakiza majivu ya moto. Na aliyenunua asidhani amepata kibali cha kupikia chumbani. Kikilia, watu wote watoke nje kwanza, hata kama hakuna anayesikia harufu yoyote, kisha ipigwe 114, namba ya Zimamoto.

Mpangaji,
Tabata, Dar es Salaam