Rudi tena kwa Ramatoulaye

Mwanangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Huku hatujambo, bibi yako anakusalimu na kila siku anauliza chuo kinafungwa lini. Uhakiki wako wa riwaya Barua Ndefu Kama Hii nimeusoma mara mbili, mara ya pili kitabu chenyewe kikiwa kichwani mwangu chote. Kiswahili chako kimenyooka, nimefurahi. Lakini pale ulipomwita Ramatoulaye mwoga, niliiweka karatasi chini nikatoka uani.

Hiyo nakala uliyoitoa kabatini niliisoma nikiwa eda ya marehemu baba yako. Ulikuwa mdogo, hukumbuki. Miezi minne na siku kumi nimo ndani, na Mariama Bâ wa Senegal ananiletea mjane mwenzangu, huyo Ramatoulaye, mwalimu, mama wa watoto 12, amekaa eda na daftari lake anamwandikia shoga yake Aissatou.

Umesema shujaa ni Aissatou, kwa kuwa alipoletewa mke mwenza aliwachukua wanawe wanne akaondoka, akasoma, akawa mkalimani. Ramatoulaye alibaki. Ni kweli, ila tazama alibaki katika hali gani. Mumewe Modou alipomwoa Binetou, shoga wa Daba, binti yake mwenyewe, hakurudi tena nyumbani. Ramatoulaye hakuachwa, wala hakuwa na mume. Alikwenda sinema peke yake, watu wakimkodolea macho. Wanawe waligombania mabasi huku mke mdogo akipita ndani ya Alfa Romeo. Ndipo Aissatou akamnunulia Fiat. Hapo hukupagusa hata kwa neno moja, na ndipo paliponiliza mimi. Yule uliyemsifu kwa kuondoka hakumdharau aliyebaki. Alimnunulia gari, na mwenzake, pamoja na hofu yake yote ya usukani, akajifunza kuendesha.

Na siku ya arobaini, shemeji yake Tamsir alipokuja na imamu kutaka kumwoa, alimtolea yote aliyoyameza kwa miaka 30. Kisha akaja Daouda Dieng, mwanamume mwema kabisa, naye akamkataa kwa sababu ana mke, na yeye anajua uchungu wa kuletewa mwenzio. Mwoga gani huyo, mwanangu?

Nusu ya kazi yako ni muhtasari. Kueleza nani alimwoa nani hata jirani aliyesimuliwa anaweza. Jiulize kwa nini Bâ alimpa kalamu aliyebaki, na si aliyeondoka. Jiulize pia kwa nini Ramatoulaye anamsimulia Aissatou talaka yake Aissatou mwenyewe, mpaka barua aliyomwachia mumewe, mambo ambayo anayajua kuliko mtu yeyote. Mimi naona hakuwa anampasha habari. Alikuwa anakaa naye kama tunavyokaa sisi kwenye mkeka baada ya msiba, tukirudia yale yale. Pengine wewe utaona vingine. Andika hivyo.

Kukosoa sikukatazi. Mimi mwenyewe lipo jambo linalonikera hadi leo: Binetou. Alikatizwa masomo kwa tamaa ya mama yake, na kitabu kizima hatumpati akijieleza kwa kirefu, tunaambiwa habari zake tu. Hapo ndipo ningependa uchimbe, kuliko kumhukumu mjane.

Sentensi yako ya mwisho, kwamba wasichana watakipenda, ifute. Tuzo ya Noma, ya vitabu vilivyochapishwa Afrika, ilipotolewa kwa mara ya kwanza, mwaka 1980, ilikwenda kwa riwaya hii, na haikupewa ili isomwe na wasichana peke yao. Mwandishi alifariki mwaka uliofuata. Kaka yako mpe naye aisome.

Kitabu usikitume kwa basi, kaa nacho mpaka likizo. Ile mistari ya penseli pembeni ni yangu ya siku zile za eda, usiifute. Ukimaliza kuandika upya, nitumie kabla ya kumpa mwalimu.

Mamako