Barua ya wazi kwa wanangu mliohamia nyumba mpya: mkigongewa hodi msizime taa

Wanangu wa Des Moines, hapa Iowa, Marekani, na nyie mliohamia Ankeny, Waukee, Altoona na huko kwingine ambako nikitaka kuja lazima mtu anitumie lokesheni,

Shikamoo zenu nimezipata zote, marahaba. Leo sina salamu ndefu, nina hasira kidogo na nimeibeba tangu mwaka jana, naona bora niitue kabla mwezi wa kumi haujaisha.

Mwaka jana jioni ya Halloween, ile sikukuu ya mwisho wa Oktoba watoto wanavaa nguo za maigizo na kupita mlango kwa mlango wakiomba pipi, nilikuwa kwa mmoja wenu. Simtaji, mwenyewe anajijua, na mkewe nampenda kama binti yangu. Nyumba mpya, mkopo wa miaka 30, kapeti bado ina harufu ya dukani, nikasema ngoja nikakae nao wiki nibariki mahali. Ilipofika saa kumi na mbili jioni baba mwenye nyumba akaanza kazi. Taa ya barazani zima, taa ya sebuleni zima, tivii toa sauti, pazia vuta. Watoto watatu wakaambiwa wakakae chini jikoni, pale kwenye kona ya friji, na mtu asiongee. Mimi nikadhani kimbunga kinakuja, maana huku Iowa king'ora kikilia ndo tunavyofanya hivyo hivyo, nikaanza kutafuta viatu.

Afu mlango ukagongwa. Nje watoto wanacheka, wanasukumana. Yule mdogo wetu wa miaka 5 akafungua mdomo aseme kitu, mama yake akamziba na kiganja.

Wanangu, pale nilikosa nguvu za miguu. Oktoba 1996 vita ilipoingia Uvira nililala kwenye matete kando ya Ziwa Tanganyika nimemziba mwanangu mdomo hivyo hivyo, kiganja hivyo hivyo, mpaka tulipopata mtumbwi wa kutuvusha kuja Kigoma. Kule nje kulikuwa na watu wenye bunduki. Huku nje kulikuwa na nani? Nikasogea dirishani nikachungulia. Mtoto mmoja kavaa nyuki. Mwingine kavaa boksi la kadibodi kalichora duara kubwa kifuani, nikaja kuambiwa eti alikuwa mashine ya kufulia. Baba yao kasimama kule njiani na kikombe cha kahawa, anatetemeka na baridi, anawasubiri.

Nyuki akasema gari lao lipo, labda wamelala. Binti yetu mkubwa, miaka 9, akaninong'oneza, "Bibi, huyo nyuki nakaa naye meza moja shuleni." Afu akaniuliza tumefanya nini mpaka tunajificha. Nikamwambia kamuulize baba yako, maana mimi sikuwa na la kumjibu.

Na huyo huyo baba, wiki mbili haziishi, anatuma voisi ya dakika nne kwenye grupu letu la WhatsApp analalamika kwamba wazungu wa mtaa wake wana roho ngumu, kahamia miezi mitatu sasa hakuna hata mmoja aliyekuja kumjulia hali. Mwanangu! Walikuja! Walikuja wamevaa nyuki na wewe ukazima taa!

Nisikilizeni vizuri hapa. Nchi hii hakuna hodi. Mwaka mzima anayegonga mlango wako ni mtu wa vifurushi, naye anaangusha mzigo kizingitini anakimbia kabla hujavaa ndala. Jirani unamjua kwa mashine yake ya kukatia nyasi. Mimi nina miaka kumi na kitu hapa, tumefika 2008, na jioni pekee ambayo mtaa mzima unatoka nje na kubisha hodi kwa mgeni bila kuitwa ni hiyo moja. Masaa mawili tu. Ukiyakosa hayo subiri mwaka mwingine, au subiri theluji gari lako likwame ndo umjue jirani jina.

Najua mtasema ni sikukuu ya shetani. Sibishani na mchungaji wa mtu. Ila jina lenyewe la Halloween maana yake ni mkesha wa Watakatifu Wote, sikukuu ya tarehe 1 Novemba, na sisi Wakatoliki tarehe 2 tunawaombea marehemu. Nyuma ya hapo ni mambo ya kale ya Ireland, kule waliamini mavuno yakiisha na giza likianza mizimu inarudi kutembea. Waliozileta desturi hizi Marekani kwa wingi ni Waayalandi waliokimbia njaa ya viazi miaka ya 1840. Kwao walichonga taa kwenye mboga inaitwa tanipu, walipofika huku wakakuta maboga makubwa na laini, wakachonga hayo. Yani hiyo mnayoita sherehe ya wazungu wenye nchi imeingia na watu waliotoka kwao wana njaa na mabunda kichwani, watu kama sisi. (Mimi kinachoniuma ni hilo boga, mtu anakwangua anatupa mbegu na nyama yote jalalani, mkiniona nimesimama kwenye pipa la mtu msinionee aibu.)

Kama imani yako hairuhusu, sawa, usisherehekee, hakuna atakayekufunga. Jirani yangu Msomali hasherehekei. Lakini anafungua mlango, anawaambia watoto samahani sisi hatufanyi, jioni njema, anawapungia mkono na mtaa mzima unamheshimu. Taa ya barazani ikizimwa watu wanaelewa hapo hakuna pipi na wanapita, ndo kanuni. Kuzima taa peke yake si kosa. Kosa ni kumlaza mtoto kwenye kona ya friji na kumfundisha kwamba akisikia hodi ajifiche, afu kesho anaenda shule kukaa meza moja na nyuki anamdanganya kwamba walilala saa kumi na mbili.

Na kuna jambo la Des Moines yetu ambalo wengi wenu hamlijui. Mwaka 1938 Halloween ya hapa iliharibika, vijana wakaenda kuvunja vitu vya watu mitaani mpaka polisi wakachoka na simu. Wakubwa wa mji wakakaa chini wakatafuta dawa: watoto watatoka tarehe 30 Oktoba, wakaiita Beggars' Night, yani usiku wa ombaomba, saa kumi na mbili jioni mpaka saa mbili usiku, na mtoto hapewi kitu bure, lazima kwanza atoe wimbo, shairi au kichekesho. Wimbo na shairi vimepungua ila kichekesho kipo mpaka leo. Ndo maana mwenye nyumba wa hapa akifungua anasimama anamwangalia mtoto, anasubiri, na watoto wetu wanabaki wamenyoosha mfuko tu kama wanapokea rashoni. Si kwamba mzungu anawabagua jamani, anasubiri kichekesho! Na tarehe muangalie tangazo la mji wako kila mwaka, 2024 wenyewe waliisogeza mpaka 31 kwa sababu ya mvua ya radi, na 2025 pia Des Moines ikawa 31.

Sasa watu wa vitendawili ni nani kama si sisi? Mwaka mmoja mjukuu wangu akiwa na miaka 7 hakuwa na kichekesho, vya kwao havimwingii, kuna kimoja cha mifupa ambayo haikwenda dansi, ukikigeuza Kiswahili hata mbuzi hacheki. Nikamwambia wape cha nyumbani. Akasimama kwa mzee mmoja mwenye fimbo, akamwambia kwa kizungu chake: nyumba yangu haina mlango. Mzee akafikiri. Akajikuna. Akamwita mkewe jikoni, mkewe akaja na taulo mkononi, wakasimama wawili kizingitini, foleni ya watoto nyuma inakua, baridi inaingia ndani mwao. Wakashindwa. Nikamwambia mjukuu dai mji kwanza, wakatupa mji, wakatupa Chicago nzima. Akawaambia: yai. Yule mama alicheka akashika mlango. Mpaka leo kila Oktoba mzee ananiuliza dukani mwaka huu mtoto ana nyumba gani.

Na mimi sikuanza vizuri, msidhani najisifu. Mwaka wetu wa kwanza sikujua kitu, watoto wakagonga, nikaona wageni hao, nikawapa maandazi ya moto nimeyafunga kwenye tishu. Walishukuru kwa adabu. Asubuhi natoka kwenda shifti nakuta maandazi yangu manne yamepangwa vizuri kwenye nyasi kando ya njia, na barafu nyembamba juu. Niliumia kweli. Bibi wa jirani ndo akaja kunieleza, mzazi hapokei chakula kisichofungwa kiwandani, wanaogopa sumu. Baadaye nikajifunza kwamba kisa kinachotajwa sana ni cha Texas mwaka 1974, mtoto kweli alikufa kwa pipi yenye sumu, na aliyemtilia alikuwa baba yake mzazi anatafuta hela ya bima. Jirani wa watu hakuwa na kosa. Lakini jirani ndo anaogopwa mpaka leo, na siwasemi Wamarekani peke yao, nimerudi Bujumbura nimerudi Kigoma, nimekuta kuta zenye vipande vya chupa juu, geti la chuma na maandishi mbwa mkali, ndugu yako wa damu lazima apige simu akiwa nje ndo afunguliwe. Kule kambi ya wakimbizi tulikuwa na mlango wa mabati ya makopo ya mafuta ya msaada, yameandikwa USA, tumeyapiga nyundo yakanyooka, na hata huo ulikuwa unabishwa hodi na unajibiwa karibu.

Mengine haraka haraka. Pipi nunueni zile ndogo ndogo za mfuko mkubwa, na zisizo na karanga ziwe kwenye bakuli lake maana kuna watoto karanga inawaua. Koti ndani, nguo ya maigizo juu, au koti juu mtoto alie, chagueni. Kitenge na kofia ya baba vinatosha, msikope. Mtoto achukue moja aseme asante. Tochi. Mbwa asiyejulikana asiguswe. Baba atembee nao, asiwafuate na gari kama polisi.

Na wewe mwenye nyumba niliyekusema, mwaka huu nakuja tena kwako, mkeo nimeshamwambia. Kiti changu cha kukunja nitabeba na blanketi, nitakaa barazani mwenyewe na bakuli. Wewe nunua pipi na ubadilishe ile balbu, mwaka jana niliiona inapepesa. Nyuki akija nataka binti yako ndo afungue.

Bibi yenu.