Mgongo Wangu Mmeuwekea Kikao

Dada Mwanaidi,

Shikamoo. Mimi huku Berlin sijambo, hofu ni juu yenu na hizo mvua za Tanga.

Nimesikiliza sauti zote mlizorusha kwenye grupu. Baba Mdogo hataki nipasuliwe kabisa. Salimu anataka niungwe pingili, kisa mume wa Bi Zena aliungwa na leo anaendesha baiskeli. Hidaya yeye anauliza kama upasuaji utachelewesha mchango wa harusi. Mimi mwenye mgongo hakuna aliyeniuliza. Basi nakuandikia wewe, uwasomee.

Iliyokwisha ni diski moja, ule mto laini kati ya pingili ya nne na ya tano za kiunoni. Mazoezi na sindano vimeshindwa. Hiyo njia ya Salimu, diski inatolewa, panawekwa kijisanduku chenye mfupa, panakazwa kwa skrubu na vyuma, kisha unangoja miezi mpaka pingili mbili zishikane ziwe mfupa mmoja. Ni njia ya zamani, madaktari wameizoea. Ila pale hapapindi tena, na mzigo unahamia kwa pingili jirani, nazo huweza kuchakaa mapema. Nina miaka 41, Dada, na kazi yangu ni kugeuza wazee vitandani.

Nyingine ni diski bandia. Daktari alinipa niishike: sahani mbili za chuma, katikati plastiki ngumu, yote kadiri ya kitumbua kidogo. Ukiibonyeza huku inainama, ukiibonyeza kule inainama. Salimu anasema ni majaribio. Mwambie ya kwanza ya namna hii ilibuniwa hapahapa Berlin, hospitali ya Charité, na ikaanza kuwekwa watu 1984. Wamarekani waliiruhusu kwao 2004. Mmoja wa walioibuni ni Dk. Karin Büttner-Janz, aliyechukua dhahabu mbili za jimnastiki kwenye Olimpiki ya Munich 1972. Aliyejipindua hewani vile anaujua mgongo kuliko Salimu.

Tena haiwekwi kila mtu. Mifupa ikiwa dhaifu, au viungo vya nyuma ya pingili vikiwa vimelika, hupewi. Mimi nimepimwa vyote nikapita. Uji wa Mama haukwenda bure!

Ubaya wake, wanapitia tumboni, na mishipa mikubwa ya damu iko palepale. Ikija kuharibika, kurudia ni hatari zaidi kwa sababu ya makovu. Wala daktari hakuniahidi kwamba maumivu yataisha yote. Nimeyasikia hayo, na nimechagua diski.

Gharama ni za bima, sikuomba senti nyumbani. Anayesema mgongo ni kisingizio cha kukwepa mchango, mkumbushe nani aliyeezeka nyumba ya Pongwe, risiti ninazo. Wiki 6 za kwanza mwajiri atanilipa mshahara wote, baada ya hapo bima inalipa pungufu. Kwa hiyo chumba cha uani kisubiri. Harusi nitatoa nilichoahidi, hakiongezeki.

Jumapili nilipika samaki wa kupaka kwa nazi ya kopo. Machozi yakanitoka, nikasingizia pilipili.

Mama msimwambie habari ya tumbo. Mwambieni ni mgongo tu, na kwamba natembea. Na hela ya dawa zake ipitie kwako, isipitie kwa Salimu.

Mdogo wako,
Rehema