Weupe wa wingu si kimo chake

Ndugu Mhariri,

Picha ya sayari ya Mshtarii (Jupita) mliyoichapa, yenye mawingu yaliyochongoka kama vilele vya milima, ilihesabu kila penye weupe kuwa juu na kila penye giza kuwa bondeni. Doa Jekundu Kuu, ile dhoruba kubwa ya sayari hiyo, peke yake linaibatilisha kanuni hiyo. Katika mwanga wa buluu doa hilo ni jeusi, hivyo lingesomeka kama shimo. Katika kichujio cha methani, kinachopitisha tu mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 889, linang'aa kuliko majirani zake, kwa kuwa vilele vyake viko juu.

Gesi ya methani iliyo angani mwa Mshtarii humeza mwanga huo. Miale inayozama hairudi. Inayorudi ni ile iliyogonga wingu au utando wa ukungu ulio juu. Kamera ya JunoCam, iliyomo katika chombo cha Juno kilichofika Mshtarii 2016, ina kichujio hicho pamoja na nyekundu, kijani na buluu. Anayetafuta vimo agawanye picha ya methani kwa ile nyekundu, pikseli kwa pikseli, ili rangi ya wingu yenyewe isimdanganye.

Kazi huharibika mapema kuliko hapo. Data za kila pikseli hubanwa kutoka biti 12 hadi 8 kwa jedwali lisilo sawia, na usipozirudisha katika vipimo vyake vya awali, uwiano wote ni batili. Tena picha ya methani kwa kawaida hupigwa peke yake, huku chombo kikijizungusha chenyewe mara mbili hivi kwa dakika. Ikweta ya Mshtarii hukimbia kilomita 12.6 kwa sekunde: zikipita sekunde 30, mawingu yamehama karibu kilomita 380. Basi kila picha itandazwe kwenye ramani kwa saa yake yenyewe, mwanga wa Jua usawazishwe, na kingo zenye giza zikatwe. Huko kingoni unagawanya chenga, yaani kelele za kamera, kwa chenga.

Hata hivyo, utapata nani yuko juu ya nani tu, si kilomita. Ukungu mwembamba wa juu na wingu zito la chini kidogo huweza kung'aa sawasawa. Chombo cha Galileo kilivitenganisha kwa kuongeza kichujio cha nanomita 727, ambako methani humeza mwanga kwa kiasi tu. JunoCam haina kichujio hicho. Kilomita hutoka kwenye vivuli: kivuli cha kilomita 40, Jua likiwa nyuzi 20 juu ya upeo, ni wingu lililoinuka karibu kilomita 15.

Na mtaje katika picha kama hiyo kimo kimekuzwa mara ngapi. Mshtarii ungekuwa mpira wa miguu, kilomita 50 zisingefika hata sehemu ya kumi ya milimita.