Mwanangu, kikipanda kitu na nyavu usikishike

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Dada yako kaniambia umepata kazi ya boti ya uvuvi hapo Molfetta, Italia, na mwezi ujao unaanza, nikamuuliza mbona mwenyewe hajanipigia, akanyamaza. Ulidhani nitakataa. Pengine ningekataa kweli. Lakini ushaamua, na mtu mzima hafungwi kamba, basi nisikilize hili moja tu, mengine ya kazi utafundishwa na wenzako.

Bahari hiyo mnayokwenda kuvua, chini yake kuna mabomu ya gesi. Usije ukaniambia mama umeanza, kwa sababu hili sikulitoa kwenye magrupu ya WhatsApp, nalijua tangu niko wodini na juzi baada ya dada yako kuniambia nimekaa nikasoma tena usiku kucha mpaka bando likaisha.

Gesi ya haradali, Waitaliano wanaiita iprite, na hilo jina lishike kichwani maana ndilo utakalolisema hospitali. Inaitwa gesi lakini siyo gesi, ni kitu kama mafuta mazito, inanuka kama kitunguu saumu au haradali, na pua ikishaizoea huisikii tena. Wajerumani ndio walioanza kuitumia vitani, Julai 1917, karibu na Ypres kule Ubelgiji, na wanajeshi wengi usiku ule hawakuona cha maana, harufu kidogo tu na chafya, wakalala. Alfajiri wameamka macho hayafunguki, ngozi imejaa malengelenge, kwapani, kinenani, kila penye jasho. Hiyo ndiyo tabia yake mwanangu, na ndiyo inayoninyima usingizi. Haiumi ikikugusa. Inakuja kuuma baada ya saa kadhaa, saa mbili, saa kumi, hata siku nzima, na saa hiyo ishaingia mwilini zamani, na dawa ya kuitoa haipo mpaka leo.

Wewe umekua Tanga, bomu unalijua la baruti, la kuvulia samaki. Linalia, samaki wanaelea, na likimkosea mtu mkono unaondoka hapo hapo, kila mtu anaona. Sasa akili hiyo usiende nayo huko, ukasema halijalia basi halina kitu.

Yalifikaje huko chini, ni hivi. Usiku wa tarehe 2 Desemba 1943 ndege za Wajerumani kama mia moja na zaidi zilipiga bandari ya Bari, mji huo huo uliofikia wewe. Bandari ilikuwa imejaa meli za Waingereza na Wamarekani, taa zinawaka, wanashusha mizigo. Moja ya Wamarekani inaitwa John Harvey ilikuwa na mabomu 2,000 ya gesi ya haradali tumboni, ya siri, waliyaweka karibu ili Hitler akianza kutumia gesi na wao wajibu. Meli ikalipuka na wote mle ndani waliojua imebeba nini wakafa nayo. Gesi ikachanganyika na mafuta yaliyomwagika baharini, nyingine ikapaa na moshi ukaelekea mjini. Mabaharia waliojirusha majini wakaokolewa wamelowa mafuta mwili mzima, wakapelekwa hospitali, na kwa kuwa walionekana wana mshtuko na baridi tu wakafunikwa mablanketi juu ya nguo zile zile zilizolowa, wakapewa chai ya moto, wakaambiwa wasubiri.

Mimi ni nesi, nikifika hapo huwa nasimama kusoma. Wale manesi walifanya walichofundishwa, hakuna aliyewaambia. Asubuhi wagonjwa hawaoni, ngozi inabanduka, na manesi wenyewe waliowashika wakaanza kuwashwa macho. Siku hiyo hiyo watu wakaanza kufa, wengine ambao saa moja kabla walikuwa wamekaa kitandani wanaongea. Wanajeshi na mabaharia zaidi ya 600 walilazwa kwa gesi hiyo na 83 walikufa mwezi huo huo, na raia wa Bari waliokufa hakuna aliyewahesabu. Kama wangevuliwa nguo na kuogeshwa usiku ule ule wengi wangepona. Kuvua nguo na kuoga tu, mwanangu. Maji na sabuni.

Akatumwa daktari mmoja wa jeshi la Marekani, Stewart Alexander, yeye kaingia tu hospitali kasikia harufu ya kitunguu saumu, akaangalia malengelenge, akasema hii ni haradali. Wakubwa hawakutaka lisemwe, Churchill, waziri mkuu wa Uingereza, alikataa kata kata, makaratasi ya hospitali yakaandikwa kuungua kutokana na mashambulizi ya adui. Siri ikakaa miaka na miaka.

Vita vilipokwisha wakabaki na mabomu kila mahali, wakayapakia kwenye meli wakayatupa baharini, mengi huko huko Adriatiki, bahari hiyo mnayokwenda kuvua, na Molfetta ni moja ya sehemu hizo. Wakati ule waliona ndiyo njia salama. Miaka hamsini iliyofuata wavuvi zaidi ya 200 wa upande huo wa mkoa wa Puglia wameungua, wamelazwa, kwa kuvuta nyavu tu. Na mkataba wa dunia wa silaha za kemikali ulioanza kazi 1997, ambao umefanya nchi ziharibu maghala yao yote zilizoyatangaza, hiyo ya mwisho ya Marekani imekwisha 2023, kwa yale ya zamani yaliyotupwa baharini haumlazimishi mtu kuyatoa. Yapo. Bati la bomu linaoza taratibu, kila mwaka zaidi.

Sasa sikia kinavyokuwa. Kwenye maji ya baridi kile kitu kinaganda, nje kinafanya ganda gumu na ndani kinabaki kibichi na makali yake yote, miaka themanini sio kitu kwake. Kinapanda na nyavu za kukokota kama bonge la udongo, la kahawia au njano njano, limeshika kwenye samaki au kwenye matope, wala halifanani na bomu. Mtu anachukua kwa mkono anatupa baharini anaendelea na kazi. Ndio huyo anaamka usiku na malengelenge. Na wewe ninavyokujua, mkono wako ndio utakuwa wa kwanza, hujawahi kuona kitu usikishike.

Kwa hiyo ukiona bonge usilolijua, au chuma kilichooza, usishike, waite wenzako, wao wamezaliwa hapo watajua wafanye nini. Hata ukiwa na glovu, maana glovu za kawaida linapita. Likikugusa au ukihisi tu limekugusa, usingoje kuumwa. Vua kila kitu hapo hapo kwenye deki, viatu, soksi, chupi, usione haya, oga na sabuni maji mengi, macho yamwagie maji safi muda mrefu usiyafikiche, nguo zile usizivae tena wala usimpe mtu azifue. Halafu rudini nchi kavu, na hospitali useme iprite hata kama ngozi iko safi kabisa. Useme hata kama wanakurudisha nyumbani. Waambie mama yangu nesi.

Wavuvi wa Denmark wanaovua karibu na kisiwa cha Bornholm, na huko yametupwa maelfu ya tani, boti zao zinatakiwa ziwe na sanduku la huduma ya kwanza la mambo haya. Muulize bosi wako kama boti yake inalo. Muulize kwa adabu lakini uulize, siku ya kwanza, kabla hamjatoka. Akikucheka acha acheke.

Kwenye simu ya mwisho ulisema wazungu hao wana roho nzuri. Sawa, sina neno nao, wavuvi wa Molfetta wenyewe nao wameungua. Ila ujue pia serikali yao ya wakati ule wa Mussolini iliitumia gesi hiyo hiyo kwa jirani zetu Wahabeshi wa Ethiopia, 1935 na 1936, na walikuwa wameshasaini makubaliano ya Geneva ya 1925 ya kutotumia. Waliimwaga kutoka kwenye ndege, kwenye mito, kwenye ng'ombe, kwa watu wanaotembea peku. Haile Selassie alikwenda mwenyewe Geneva Juni 1936 akawaeleza mataifa yote, wakamsikiliza, basi. Italia imekuja kukiri rasmi 1996. Sikuambii ili ugombane na mtu, nakuambia kwa sababu ulipokuwa shule hukupenda kusoma historia na sasa unafanya kazi juu yake.

Kuna moja sijawahi kukueleza vizuri. Yule daktari wa Bari alipopima damu za wale wagonjwa alikuta chembe nyeupe zimekwisha, gesi ilikuwa inaua seli zinazokua haraka. Na huko Marekani, chuo kikuu cha Yale, walikuwa wameshaanza kwa siri tangu 1942 kujaribu dawa ya ukoo huo huo kwa wagonjwa wa kansa. Ndiko zilikoanzia dawa za dripu za kansa. Ile saiklofosfamaidi niliyokuwa nachanganya wodini, ukanikuta siku zile unakuja na chakula cha mchana, ni mjukuu wa hiyo haradali. Watoto wenye uvimbe wa taya, wanaletwa jino limesukumwa nje na jicho limefunikwa, unampa dozi, siku chache tu uvimbe umenywea, mtoto anadai ugali. Nimeona kwa macho yangu na namshukuru Mungu. Lakini nywele zinadondoka, anatapika, damu tunapima kila mara na chembe zikishuka sana tunasimamisha. Na hiyo ni iliyopunguzwa makali, imepimwa kwa miligramu, daktari amesimama pembeni. Ile ya chini ya bahari haijapimwa na mtu. Na aliyeungua akapona ngozi, mapafu na macho yanaweza kumsumbua maisha yake yote, na kansa yenyewe inaweza kuletwa nayo.

Sijasema usiende. Nimewaambia hapa mtaani mwanangu kapata kazi ya meli Italia, na mama mwenye duka kaniambia hongera mbele za watu, nilifurahi. Umefika mbali kwa nguvu zako, sisi mchango wetu ulikuwa mdogo. Ile pesa ya chuo iliyoingia kwenye paa haina maana kuizungumza sasa, na paa lenyewe linavuja upande wa chumba chako, mvua za juzi godoro limelowa tumelianika siku mbili. Fundi anataka bati sita na mbao, nimemwambia asubiri.

Mdogo wako anaanza mtihani wa fom foo Novemba, kemia inamsumbua, ukipata nafasi mpigie umpe moyo maana mimi nikimfundisha tunagombana. Mbuzi mweusi kazaa wawili, mmoja dhaifu. Deni la dukani nimelipa nusu.

Hayo maneno ya Kiitaliano ya nguo, sabuni, macho, hospitali yaandike kwenye karatasi, siyo kwenye simu, simu inaloa. Na leo usinitumie meseji ya sawa mama, nataka voisi uniambie umesoma yote na boti ina sanduku au haina. Pesa ya bati ukiituma tumia namba ya dada yako, yangu laini imefungwa mpaka niende nikaisajili upya.

Mama yako