Zile kaseti za marehemu baba yako

Shoga yangu Mwanaisha,

Salamu nyingi, zangu na za watoto, na za mama, ambaye kila Ijumaa aniuliza kama bado uko hai huko Maskati. Sisi hatujambo, ni joto tu na bei ya unga. Kimya chako kimezidi na changu vilevile, basi tusilaumiane. Nina shida nawe.

Zile kaseti alizokuwa akirekodi marehemu baba yako, za mpira wa redioni, ziko wapi? Kaka yako asema zimo kwenye sanduku la bati na ufunguo unao wewe. Mruhusu avunje kufuli, nitanunua jingine.

Yote haya ni kwa ajili ya Abdul. Amepewa maikrofoni atangaze mechi za mtaa, na wallahi, mtoto ni makelele matupu! Mpira ukienda nje, "goo!" Ukidakwa, "goo!" Nikamkalisha: mwanangu, msikilizaji haoni, mwambie mpira uko kwa nani, upande upi, na nani anamkabili. Akanitazama kama namuuzia samaki wa jana. Nikamwambia laiti ungemsikia Leonard Mambo Mbotela, yule mtangazaji. Anijibu nini? "Yule wa mapinduzi?"

Hapo damu ikanichemka, na haijapoa. Mtu kazaliwa hapa hapa Freretown mwaka 1940, jirani na ile kengele tunayoshukia matatu kila siku bila kuitazama, ukoo wa wale walioachiwa huru kutoka utumwani. Kaingia redio ya taifa, Sauti ya Kenya, 1964, na 1966 kaanzisha "Je, Huu ni Ungwana?" akaishikilia zaidi ya miaka hamsini, redioni na kwenye runinga, akitusuta na tabia zetu huku tukicheka. Katangaza mpira mpaka baba yako, shabiki sugu wa Ingwe, AFC Leopards yake, akaanika betri juani tangu asubuhi zisije zikamzimikia kipindi cha pili. Halafu tangu afariki, Februari 2025, vijana wamjua kwa Jumapili moja tu!

Na Jumapili yenyewe, tarehe 1 Agosti 1982, hakuiomba. Wanajeshi wa anga, Ochuka na wenzake, walimfuata nyumbani kwake Ngara alfajiri wakamburura hadi studio, akasoma kwamba serikali ya Moi imepinduliwa. Kisha wakaingia wanajeshi watiifu wa Jenerali Mahmoud Mohamed, risasi zikalia humo humo, na yeye yule akaambiwa sasa atangaze kwamba serikali ya Nyayo, ya Moi huyo huyo, ipo. Hamisi akaa barazani na kahawa yake asema, "Angekataa." Akatae nini, na bunduki iko ubavuni? Hamisi huyu huyu aliyejifungia chooni kwa kuogopa paka wa Bi Rukia!

Jambo wasilolifikiria ni hili: kwa nini wamfuate yeye? Lau ile karatasi ingesomwa na askari asiyejulikana, nusu ya nchi ingegeuka upande wa pili ikalala. Walitaka sauti ambayo watu walishaiamini kwa mabao na kwa ungwana. Moi mwenyewe hakumwona haini, baadaye akamchukua kitengo cha habari cha Ikulu. Sasa Hamisi ana uchungu kumshinda Moi?

Haya, nimesahau nilikuwa wapi. Kaseti. Sitaki Abdul amwige, sauti ile hana na hataipata. Nataka asikie mtu akivuta pumzi kabla ya krosi haijapigwa, basi. Na ile moja baba yako alimokohoa katikati ya penalti, hiyo usiifute wala usiruhusu mtu aifute, hata kama...

Lakini zitalia bado? Unyevu wa huku haujazila? Nani ana kinasa sauti cha kaseti siku hizi, yule fundi wa Majengo bado yu hai? Na wewe, ni kweli mumeo kaacha kazi, au ni maneno ya Salma? Mnarudi kwa Idi? Bi Rukia aliipata dawa yake ya macho? Mbona Zainabu hapokei simu zangu, nimemkosea nini?

Nijibu yote, si kama mara ile ulipojibu la mumeo tu.

Wako,
Zuhura